Lenzi Kuukuu, Uso wa Mama

Hapa Arusha nimeinunulia kamera yangu isiyo na kioo cha ndani lenzi kuukuu ya Kisovieti, Helios 44-2 ya milimita 58, na adapta ya M42. Kwenye sensa ya APS-C huona kama milimita 87, hivyo uso haupotoki. Bei yake nafuu, na dini yetu yakataza israfu.

Kabla hujalipa, imulike kwa tochi. Ukiona kuvu ndani, iache.

Fokasi utaitafuta kwa mkono: kuza picha kwenye skrini, lenga jicho. Mama alipokuja kutoka Unguja nilimkalisha kivulini, Mlima Meru ukafifia nyuma yake. Nikizungusha pete taratibu, mikunjo yake ikajitokeza mmoja mmoja. Mama amezeeka. Alhamdulillahi, nimewahi.