Saa ya Baba Ilipotoka Jasho

Umewahi kuitazama saa yako ya mkono ukakuta ukungu ndani ya kioo? Mimi yalinifika Julai mwaka 2022, hapa Eldoret, na saa yenyewe haikuwa yangu. Ni Seiko 5 aliyoinunua baba mwaka 1974. Alinikabidhi niipeleke kwa fundi ibadilishwe mkanda tu. Badala ya kuipeleka nikaivaa, nami nionekane mtu! Siku ya tatu nikanyeshewa chapachapa kwenye Barabara ya Uganda, na asubuhi yake tarehe haikusomeka.

Jirani akanishauri niifukie kwenye mchele. Ukungu ukatoweka, nikampigia baba simu kumwambia saa i salama. Usiku wa baridi ukaurudisha. Hapo nikafanya upumbavu ambao nakuomba usiufanye: nikaiweka kando ya jiko la makaa.

Sikiliza. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai waijua. Saa ikiwa mkononi, hewa iliyo ndani hupata joto la mwili na kubeba unyevu usioonekana. Kioo kikipoa, unyevu hugeuka matone, kama madirisha ya matatu iliyojaa abiria mvua ikinyesha. Basi ukungu ukitoweka, usidhani maji yametoka. Yamo humo humo, yanatafuta chuma cha kula. Mchele hauwezi kuyanyonya kupitia mfuniko uliofungwa, na jiko huharibu oili na rangi ya uso wa saa.

Fundi niliyemwendea mtaa wa Oginga Odinga alipofungua mfuniko wa nyuma, ule mpira mwembamba wa kuzuia maji ulivunjika kama chapati ya juzi. Kuhimili maji ni mojawapo ya sifa tano zilizoipa saa hiyo jina lake, lakini mpira gani utadumu karibu miaka hamsini? Kutu ilikuwa imeanza kwenye kijiti cha kifungo.

"Ungeileta siku ile ile," alisema, "ningeikausha tu."

Ikabidi aifungue yote, aisafishe, atie oili na mpira mpya. Bei sitaitaja, mke wangu husoma ukurasa huu.

Kwa hiyo yako ikitoka jasho, ivue, usizungushe kifungo, na umfikie fundi siku hiyo hiyo. Na ikiwa ni ya kabla ya miaka ya 1960, yenye namba za kung'aa gizani, usijaribu kuifungua mwenyewe. Nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, na vumbi lake ni hatari kulivuta puani.

Mashine ilipona. Lakini doa la kahawia lilibaki karibu na kidirisha cha tarehe.

Baba alikuja Jumamosi. Akaiweka sikioni, kisha akaitazama kwa muda mrefu mno.

"Bado inakimbia dakika mbili kwa siku?"

"Bado, baba."

"Basi ni yangu," akasema, akaivaa.

Doa hakulitaja, nami sikulitaja. Jioni nilimwona peke yake barazani, akilisugua kwa kidole gumba juu ya kioo, kana kwamba liko nje.