Tiara ya Rafadha Nne



Ndugu zangu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii naomba ruhusa yenu niweke kando masuala ya fiqhi niliyozoea kuyaandikia, nikusimulieni jambo lililopita baina yangu na mwanangu. Ni habari ya chombo kidogo kirukacho, ambacho vijana hukiita droni. Ni habari ya malezi pia, na ndiyo maana nimeileta katika gazeti hili la nyumbani.

Kitinda mimba wangu anasoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, huko Nyeri. Mwanzoni mwa mwaka jana mama yake alinijia baada ya sala ya Isha, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kijana anataka kuunda droni kwa mikono yake mwenyewe, na amepungukiwa na fedha. Nikamwuliza, "Mbona hakuniambia mimi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, sababu waijua."

Naam, naijua. Kijana huyu alipokuwa na umri wa miaka tisa, msimu wa kaskazi, watoto wa mtaa wetu walikuwa wakirusha tiara juu ya mapaa. Yeye alikosa darasa la alasiri siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilipanda darini, nikaukata uzi, nikaivuta tiara na kuvivunja vijiti vyake mbele ya wenzake. Niliamini kwamba nailinda elimu. Hakulia. Aliokota karatasi na vijiti, akateremka. Tangu siku hiyo hakukosa darasa, wala hakunivunjia heshima hata mara moja. Ila kila jambo alilolipenda moyoni alilipeleka kwa mama yake.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nikakumbuka kwamba neno lenyewe, tiara, latokana na Kiarabu, na mzizi wake ndio uleule wa neno lao la eropleni. Nikakumbuka pia habari ya Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Kordoba katika karne ya 9. Al-Maqqari ametusimulia kwamba alijivika manyoya, akajitengenezea mbawa na kuruka kutoka mahali palipoinuka, kisha akaumia mgongo aliposhuka, kwa kuwa hakujiwekea mkia kama wa ndege. Historia yetu humtaja mtu huyo kwa fahari, nami nilikuwa nimemvunjia mwanangu vijiti vitatu na karatasi. Asubuhi nilimpigia simu, nikamwambia nitatoa nusu ya fedha, kwa sharti kwamba anieleze kila kipande kabla ya kukinunua. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Inshallah, Baba."

Nikapanda treni hadi Nairobi, kisha matatu hadi Nyeri. Sisi watu wa pwani baridi ya kule hutupata vibaya. Maji ya udhu ya alfajiri yalinifanya nisahau hata nia. Lakini siku mawingu yanapofunguka, ukaiona theluji ya Mlima Kenya juu ya mashamba ya kahawa na chai, ulimi hutamka tasbihi wenyewe.

Chumbani kwake alikuwa na daftari, na ndani yake orodha. Nitaieleza kama alivyonieleza, kwani huenda nyumbani kwako yupo kijana mwenye hamu hiyohiyo.

Kwanza ni kiunzi, yaani mifupa ya chombo: mikono minne inayokutana katikati, yenye upana wa milimita 450 kutoka mota hadi mota ya upande wa pili. Kiunzi cha ukubwa huo humfaa anayeanza, kwa kuwa kina nafasi ya kupitisha waya, na mkono mmoja ukivunjika hununuliwa peke yake. Pili ni mota nne, na juu ya kila mota rafadha moja ya inchi 10. Mota mbili huzunguka kulia na mbili kushoto, ili nguvu ya moja iiondoe nguvu ya nyingine. Zote zikizunguka upande mmoja, chombo chenyewe kitazunguka kama pia. Tatu ni vidhibiti mwendo vinne, kimoja kwa kila mota, vinavyopima umeme unaoingia. Nne ni kompyuta ndogo ya uongozi, ambayo huhisi chombo kinavyoinama na kurekebisha mwendo wa mota mara mamia kwa sekunde moja. Mwisho ni betri, chaja, na rimoti pamoja na kipokezi chake. Jumla ilikuwa takriban shilingi 48,000. Nusu aliipata kwa kutengeneza simu za wenzake.

Nilimwuliza kwa nini asinunue iliyo tayari dukani. Akasema, "Baba, ya dukani ikianguka nitajua imeanguka. Niliyoiunda mwenyewe ikianguka, nitajua kwa nini." Jibu hilo lilinipendeza, ndiyo tofauti ya mtu anayehifadhi matini na yule anayeisoma pamoja na sherehe yake.

Kisha tukaja kwenye mizani, na hapo ndipo tulipokaa siku mbili nzima. Kanuni ya mafundi ni kwamba nguvu ya mota zote kwa pamoja iwe angalau mara mbili ya uzito wa chombo, la sivyo kitapanda kwa shida na upepo utakishinda. Vipande vyote tulivipima kwa mizani ya jikoni, tukapata gramu 1,200. Yeye alitaka kuongeza kamera na kishikio chake, na miguu mirefu ya kuikinga, jumla gramu 1,600. Kwa hesabu ya pwani ingefaa: kila mota huweza kuinua kiasi cha gramu 850, na nne huinua gramu 3,400.

Lakini Nyeri si Mombasa. Mji ule uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu sehemu moja katika sita. Rafadha hupata nguvu kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikipungua, nguvu hupungua. Zile gramu 3,400 zikawa kama 2,800. Chombo cha gramu 1,200 bado kilikuwa na zaidi ya mara mbili. Cha gramu 1,600 hakikufika. Nilikumbuka Surat ar-Rahman, inavyoitaja mbingu iliyoinuliwa na mizani iliyowekwa, na katazo la kuidhulumu mizani. Nimeifundisha sura hiyo miaka thelathini katika habari za sokoni na pishi za mchele. Sikudhani nitakaa Nyeri na mwanangu tukiitafakari juu ya gramu 400.

Basi tukaikata kamera. Na hapo nami nikapata la kusema katika fani yangu. Nilimwambia kwamba hata kama mizani ingeiruhusu, ningemwomba aiache katika chombo chake cha kwanza. Qur'ani, katika Surat an-Nur, imetuamrisha kutoingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu. Na hadithi sahihi zatufahamisha kwamba idhini hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho, lisije likaona lisilostahili kuonwa. Ukuta wa uani umejengwa kumzuia apitaye njiani. Haukujengwa kumzuia apitaye juu. Lakini hukumu ya jicho haibadiliki kwa kuwa limepanda. Anayechungulia uani kwa watu kutoka angani hana tofauti na anayechungulia tunduni mwa mlango. Akaniambia, "Baba, nijifunze kwanza kuruka, kutazama kutakuja baadaye kwa ruhusa." Tukakubaliana.

Lilibaki la sheria. Wakazi wa eneo la Mlima Kenya wamezijua ndege hizi mapema. Mwaka 2013 hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, ilifanya majaribio ya ndege isiyo na rubani kwa ajili ya kuwalinda faru. Baadaye serikali ikazisimamisha, na kanuni zinazotumika sasa zilitoka mwaka 2020. Kwa kanuni hizo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ndiyo itoayo idhini kwa anayetaka kuingiza, kuunda, kumiliki au kurusha. Chombo hakipandi zaidi ya futi 400, hakirushwi usiku, hakitoki machoni mwa anayekiongoza, na hakisogei karibu na viwanja vya ndege. Eneo lile si tupu kama linavyoonekana: Nyeri pana uwanja wa Nyaribo, na Nanyuki pana kambi ya jeshi la anga ya Laikipia. Kijana alijaza fomu, akaomba, akasubiri.

Nilirudi Nyeri miezi mitatu baadaye. Chombo kilikuwa tayari. Waya zilikuwa zimechomelewa kwa bati vizuri kuliko nilivyotarajia, na kila skurubu ilikuwa mahali pake. Karatasi ya idhini haikuwa imetoka. Nilikaa siku nne. Siku ya mwisho, nikijua kwamba kesho ningesafiri na huenda nisirudi hivi karibuni, nilimwambia neno ambalo sasa naliandika kwa haya: "Hebu kipandishe kidogo tu, nyuma ya nyumba, kimo cha mtu. Nani atakayetuona?"

Kijana aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa upole, "Niwie radhi, Baba. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba swali hilo haliulizwi."

Wallahi, ndugu msomaji, nimesimama juu ya mimbari miaka mingi nikiwaeleza watu maana ya ihsani, ya kumwabudu Mola ukijua kwamba Yeye akuona hata usipomwona. Siku ile somo hilo nilirudishiwa na mtoto niliyemvunjia tiara. Sikupata la kujibu ila kumwomba msamaha. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umekwisha kufunguka, nikamwomba msamaha wa jambo lile la zamani pia. Aliniambia alikwisha kusamehe zamani. Kisha akaongeza, bila hasira, "Lakini nilikuwa nasubiri useme." Maneno hayo ningali nayo.

Idhini ilitoka baadaye, nami nikafunga safari ya tatu. Tulikwenda kwenye shamba la mtu aliyeturuhusu, mbali na nyumba na njia. Kwa jaribio la kwanza hufungwa uzi madhubuti kutoka kwenye chombo hadi kwenye mfuko wa mchanga, kisipate kukimbia, na watu husimama mbali. Mwanangu alinipa ule uzi, akasema, "Baba, funga wewe; mafundo ya kibaharia wayajua." Nikalifunga fundo, mikono ikitetemeka, nami nikisingizia baridi.

Mara ya kwanza hakikupanda. Kilijipindua ubavu papo hapo, rafadha moja ikavunjika. Alikuwa amebadilisha mahali pa rafadha mbili, ya kulia akaiweka kushoto. Nilimtazama nikitarajia aibu usoni pake, lakini alikuwa akitabasamu. "Nimejua kwa nini," akasema. Akaweka ya akiba, akakagua zote nne, akasoma Bismillahi. Safari hii kilinguruma, kikatetemeka, kikainuka mpaka uzi ukakaza, kikasimama hewani kama kipanga juu ya bahari. Dakika kumi hivi, kisha akakishusha taratibu, kabla betri haijashuka kupita kiasi. Kwani betri za namna hii zikikaushwa huharibika, na zikichajiwa bila mtu kuziangalia huweza kushika moto.

Wazazi wenzangu, sikuandika haya ili kila mtu amnunulie mwanawe droni. Nimeandika kwa sababu katika nyumba zetu yupo mtoto aliyependa kitu, tukakivunja kwa nia njema. Dini tulikuwa nayo. Wakati wa kukaa tukasikiliza ndio tuliokuwa hatuna. Kaa naye. Mwulize kila kipande na kazi yake. Mwonyeshe mizani iko wapi, jicho liishie wapi, na idhini iombwe kwa nani. Na ukimkosea, mwambie kwamba umemkosea, wala usingoje miaka kumi na mbili kama nilivyongoja mimi.

Ewe Mola, tubarikie vizazi vyetu, utupe elimu yenye manufaa, na utusamehe tuliyoyavunja bila kujua thamani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.