Kiangazi cha Februari Kwenye Ziwa la Chumvi la Katwe

Katika sehemu nyingi za Uganda, mwezi wa Februari haupendwi. Majani ya migomba hunyauka, vumbi huingia hadi ndani ya sufuria, na wakulima hutazama mawinguni wakiuliza masika yatafika lini. Lakini huko Katwe, wilayani Kasese, wako watu ambao kila asubuhi huomba jambo lililo kinyume. Wao huomba jua liwake, na liendelee kuwaka.

Katwe ni mji mdogo uliokaa juu ya ukingo mwembamba wa ardhi, katikati ya maji ya namna mbili. Upande wa kusini liko Ziwa Edward, lenye maji baridi na samaki aina ya ngege, ambalo sehemu yake kubwa imo katika nchi ya Kongo. Upande wa pili, chini ya kuta za shimo la volkano ya zamani, liko Ziwa Katwe, na humo hamna samaki hata mmoja. Mtu aliyesimama juu ya ukingo huo huweza kuyaona maziwa yote mawili kwa kugeuza shingo tu. Pande zote za mji zimekumbatiwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Kwa sababu hiyo wakazi wa Katwe wana majirani wasiobisha hodi: viboko, tembo, nguruwe mwitu, na mara nyingine simba.

Chumvi ya Katwe hutokana na chemchemi zinazopenya katika miamba ya volkano na kuchukua madini yake hadi ziwani. Hakuna mto unaotoka katika ziwa hilo. Maji hayana njia nyingine ya kuondoka ila kupaa kwa nguvu ya jua, nayo chumvi hubaki chini. Kwa ajili ya utajiri huo, falme za zamani za eneo hilo ziligombana. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard alipofika na majeshi yake, alilitwaa ziwa na kujenga hapo ngome iliyoitwa Fort George. Alijua kwamba mwenye kuishika chumvi ameshika pia njia za biashara.

Siku ya Katwe huanza kabla ya jogoo wa pili. Saa kumi na moja alfajiri, mke wa askari mmoja, ambaye mumewe alikuwa kazini mbali sana na nyumbani, alitoka mlangoni pamoja na mwanawe wa kiume. Mama alibeba koleo na beseni. Kijana alibeba dumu la maji ya kunywa. Kijana huyo alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, na shule ya sekondari ilikuwa ikimngoja kabla ya mwezi kwisha. Karo yake ilikuwa bado imo ndani ya ziwa.

Hawajafika mbali walisikia pumzi nzito mbele yao. Kiboko mmoja, aliyekesha akila majani, alikuwa amesimama njiani baina ya nyumba mbili. Kijana aliinama kuokota jiwe. Mama alimshika mkono bila kusema neno, akamvuta taratibu hadi nyuma ya ukuta. Wenyeji wa Katwe hufundishwa tangu utotoni kwamba mtu hasimami kati ya kiboko na maji yake. Walingoja. Mnyama alijivuta polepole, akateremka kuelekea Ziwa Edward, na njia ikawa wazi.

"Mwanangu," mama alisema, "karo hailipwi na mtu aliyevunjwa mbavu."

Kando ya ziwa la chumvi, familia nyingi zina vidimbwi vyao, vilivyozungushiwa kuta za matope na vijiti. Kila kidimbwi kina mwenyewe, na wengi wamevirithi kwa wazazi wao. Maji ya ziwa huingizwa humo na kuachwa yapigwe na jua. Baada ya siku kadhaa ganda jeupe hutanda juu ya maji. Mwenye kidimbwi hulivunja ili lizame, kisha ganda jingine hutanda, naye hulivunja tena. Chumvi ikiisha kujikusanya chini, huzolewa, hurundikwa ukingoni ichuruzike maji, na kufunikwa kwa majani au turubai.

Kazi hiyo yaonekana nyepesi kwa mtu aliye juu ya mlima akiitazama. Aliyeingia majini anajua habari nyingine. Maji ya chumvi hupasua ngozi ya nyayo, na mkwaruzo mdogo tu huwaka kama moto. Wenye uwezo huvaa buti za mpira. Wasio nazo hujipaka mafuta kabla ya kuingia, na wakitoka hujisuuza kwa maji baridi. Upande mwingine wa ziwa wanaume husimama ndani ya maji, wakibandua mawe ya chumvi sakafuni kwa mitaimbo na kuyapakia juu ya machelezo ya magogo mepesi. Mawe hayo hununuliwa zaidi kwa ajili ya mifugo na ngozi.

Ifikapo saa sita mchana, macho huumia kwa mng'aro. Wazee hawaruhusu vijana kushindana na saa hiyo. Kila mtu hutafuta kivuli, hunywa maji kidogo kidogo, na akina mama hugawana viazi vitamu na chai kutoka katika chupa moja. Hapo ndipo habari za mji husimuliwa: tembo aliyeingia katika shamba la nani, lori gani linapakia kwenda Mpondwe mpakani mwa Kongo, na bei ya gunia imepanda au imeshuka. Kiswahili husikika sana katika mazungumzo hayo, maana mnunuzi kutoka Kongo na muuzaji wa Katwe hukutana katika lugha hiyo.

Ndugu msomaji mwenye nyumba na apate hapa neno la jikoni. Chumvi itokayo moja kwa moja ziwani haijatiwa madini joto, yale yanayomkinga binadamu na ugonjwa wa rovu na kulinda akili ya mtoto aliyemo tumboni. Kwa hiyo chumvi ya kupikia chakula cha familia inafaa iwe ile iliyotiwa madini hayo. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, na itiwe chunguni mwishoni mwa mapishi.

Siku tisa zilipita bila wingu. Kidimbwi cha yule mama kilikuwa tayari, naye alikuwa amehesabu magunia kumi moyoni mwake. Siku ya kumi alasiri, upepo uligeuka. Milima ya Rwenzori, iliyokuwa imefichwa na ukungu wa vumbi mwezi mzima, ilifunikwa na weusi mzito. Mzee mmoja alivua kofia, akanusa hewa, kisha akapaza sauti: "Mvua!"

Mahali pengine neno hilo lingepigiwa vigelegele. Katwe lilipigiwa mbio. Mvua ikinyesha ndani ya kidimbwi, chumvi huyeyuka na kurudi kuwa maji, na kazi ya majuma hupotea katika nusu saa. Mama na mwanawe walizoa bila kuinua vichwa. Majirani waliokwisha kufunika marundo yao waliteremka kuwasaidia, wengine kwa koleo, wengine kwa mikono mitupu. Hata mnunuzi mmoja kutoka Kongo alivua viatu, akaingia. Matone ya kwanza yalipoanguka, magunia sita yalikuwa yamefikishwa chini ya turubai. Yaliyosalia yaliyeyuka machoni pao.

Usiku ule mama hakulala vizuri, lakini hakulia. Katika miaka ya 1970 kilianza kujengwa karibu na ziwa hilo kiwanda kikubwa cha kusafisha chumvi. Mabomba yake yaliliwa na maji yaleyale ya chumvi, na mitambo ikanyamaza. Wakazi waliendelea kama walivyofundishwa na bibi zao, kwa koleo, beseni na subira. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mtu wa Katwe hulijua vema jua la methali hiyo, ila kivuli chake hufika kidogo kidogo.

Magunia sita yaliuzwa siku ya pili. Fedha zilitosha sanduku, godoro, na zaidi kidogo ya nusu ya karo. Shule ilimpokea kijana kwa ahadi kwamba salio litalipwa kabla ya katikati ya muhula. Alipopanda gari la kwenda Kasese, alimpa mama yake mkono kwa adabu kama mtu mzima, kisha akageuza uso haraka ili machozi yake yasionekane.

Gari lilipopotea katika vumbi, mama alitazama juu. Mawingu yalikuwa yamekwisha kutawanyika, na jua lilikuwa limeanza kuuma mabega. Alichukua koleo lake, akateremka ziwani kuyachota maji ya mvua na kuyamwaga nje ya kidimbwi, kwa maana masika hayakuwa mbali.