Paka na Uzi

Mtu mgumu wa kufa husemwa kuwa ana roho ya paka. Msemo huu umetokana na kuona. Paka huanguka kutoka juu ya ukuta akasimama kwa miguu minne, hupigwa mawe na watoto akarudi jioni kudai chakula chake, na hupotea siku tatu akaonekana kizingitini kama aliyekwenda sokoni. Kwa ushahidi wa namna hii watu wengi wameamini kuwa mnyama huyu hahitaji mlinzi. Lakini kiko kitu kimoja, chepesi kuliko unyoya, kiwezacho kuishinda roho hiyo katika siku chache. Kitu hicho ni uzi, na makao yake ni chumba cha mshonaji.

Hakuna chumba katika nyumba kimpendezacho paka kuliko hicho. Katika pembe moja husimama cherehani, chombo ambacho jina lake wataalamu wa lugha hulinasibisha na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu, na ambacho kilipata sifa kubwa duniani baada ya Isaac Singer wa Marekani kupewa hataza ya mashine yake mwaka 1851. Juu ya meza pana vipande vya kanga na vitenge vinavyongoja kuungwa kuwa mfarishi: kazi ya kushona kiraka kwa kiraka, kulaza pamba kati ya vitambaa viwili, kisha kuyashikiza matabaka yote matatu kwa mishono isiyohesabika. Chini ya meza pana lundo la mabaki, laini na lenye joto. Kando yake pana vidonge vya uzi vibingirikavyo, tepe ziningíniazo, lastiki zirukazo zikivutwa, na vifungo vilivyomo katika kopo. Mtu akiona vitu hivi huona kazi. Paka akiviona huona mawindo na kitanda.

Yupo atakayesema kuwa dawa ni nyepesi: paka na atolewe, mlango ufungwe. Shauri hili lina haki yake wakati mshonaji hayupo chumbani. Lakini kumfukuza kabisa ni kusahau sababu iliyomleta. Panya hupenda kitambaa na pamba, si kwa kula, bali kwa kutandika kiota chake; na usiku mmoja wa panya katika kabati huweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Paka hulinda kazi hiyo bila kupewa ujira zaidi ya chakula na mahali pa kulala. Basi neno la kufikiri si jinsi ya kumwondoa. Ikiwa paka amekilinda kitambaa na panya, ni nani atakayemlinda paka na kitambaa?

Watu huiita tabia yake ya kupekua kila kitu utundu, na pengine ukorofi. Kwa haki haistahili majina hayo. Paka wa nyumbani ni mzao wa paka-mwitu wa Afrika, yule aitwaye kimburu. Mifupa ya paka aliyezikwa karibu na mtu katika kisiwa cha Kupro, iliyotangazwa na wachimbuzi mwaka 2004, huonyesha kuwa wawili hawa walikuwa pamoja miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Katika muda huo mrefu mwanadamu hakumbadili paka kama alivyombadili mbwa au ng'ombe. Macho ya paka bado hutafuta kitu chembamba kiendacho kwa kushtuka. Masikio yake bado husikia mchakacho mdogo kabisa. Saa zake za kuwinda ni alfajiri na magharibi, na magharibi ndiyo saa ambayo washonaji wengi humalizia nguo walizoahidi kuzitoa kesho yake. Mkia wa uzi utambaao juu ya meza saa hiyo, kwa paka, hauna tofauti na mkia wa panya. Anaporuka kuukamata hafanyi kosa. Anafanya kazi iliyomweka nyumbani.

Hatari imo katika ulimi wake. Ulimi wa paka umejaa vijiba vigumu vilivyoelekea kooni. Mwaka 2018 wachunguzi wa Marekani walieleza kuwa ncha za vijiba hivyo zina mifereji midogo ichukuayo mate na kuyafikisha hata kwenye ngozi chini ya manyoya, na hii ndiyo sababu paka huwa safi kwa kujilamba tu. Lakini chombo hiki kizuri kina upungufu mmoja: hupokea kwa urahisi na kurudisha kwa shida. Uzi ukishanasa juu yake, kila paka ajaribupo kuutema huzidi kurudi nyuma, hata akaumeza. Ikiwa mwisho wa uzi una sindano, sindano nayo hufuata.

Kinachotokea baada ya hapo mshonaji anaweza kukielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu hukifanya kila siku kwa mikono yake. Atakapo kupiga marinda, hupitisha uzi katika kitambaa, hushika ncha moja, kisha hukisukuma kitambaa juu ya uzi mpaka kijikusanye. Uzi uliomezwa hufanya vivyo hivyo. Ncha moja hunasa chini ya ulimi au katika mlango wa tumbo. Nyingine huteremka katika utumbo. Utumbo, ambao kazi yake ni kusukuma chakula mbele, hujaribu kuusukuma uzi usioweza kwenda, nao wenyewe hupanda juu ya uzi na kujikunja marinda. Uzi ukizidi kukaza huukata utumbo kutoka ndani, uchafu ukamwagika katika fumbatio, na maisha yakawa mashakani. Ndiyo maana uzi mtupu, usio na ncha wala makali, hustahili kuogopwa sawasawa na sindano.

Katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, bibi mmoja mshonaji alikuwa na desturi iliyowashangaza wageni. Kila jioni, kabla ya kufunga kazi, alihesabu sindano zake kwa sauti, na binti aliyejifunza ushonaji kwake alilazimika kuitikia.

"Zilitoka ngapi asubuhi, mwanangu?"

"Tisa, bibi."

"Hapa ziko nane."

"Labda moja imeanguka, bibi. Nitaitafuta kesho kukicha."

"Kesho ni yetu sisi tulalao usiku. Paka hulala mchana."

Taa ilisogezwa, sumaku ikapitishwa juu ya mkeka shubiri kwa shubiri, na sindano ya tisa ikapatikana imezama katika ukili, na nyuma yake uzi wenye urefu wa mkono. Binti alidhani kuwa bibi anaionea uchungu sindano. Hakuwa amesikia habari ya paka aliyekuwamo nyumbani humo miaka mingi kabla yake, ambaye siku moja alikataa chakula, akatapika, kisha akajificha nyuma ya kasha. Watu wa nyumba walisema kuwa amekula panya aliyekula sumu, wakampa maziwa. Siku ya tatu uzi ulionekana chini ya ulimi wake, na mmoja wao, kwa huruma, aliushika akauvuta. Paka huyo hakuiona asubuhi. Hakuna aliyemlaumu mvutaji, kwa maana alitaka kusaidia; lakini bibi alijua tangu siku hiyo kuwa huruma bila maarifa ina mkono mzito.

Kuna methali isemayo kuwa mtoto akililia wembe, apewe. Mafunzo ya methali hii ni kuwa mkaidi hufunzwa na jeraha lake. Lakini methali ilitungwa kwa mtoto, ambaye hukatwa kidole, akalia, akakumbuka. Uzi haumuumi paka anapoumeza, na maumivu yajapo hawezi kuyahusisha na mchezo wa jana. Kwa hiyo kumpigia kelele hakufai kitu. Awezaye kufundishwa katika chumba kile ni mmoja tu, naye ni mshonaji.

Mafunzo yenyewe si mazito. Sindano ikae katika kimto chake, na kimto kikae ndani ya kopo lenye kifuniko. Hesabu ya asubuhi na hesabu ya jioni zilingane. Sindano isiachwe na uzi tunduni, kwa kuwa uzi ndio unaomwita paka. Kila ncha ya uzi ikatwapo isitupwe chini bali itiwe katika chupa au mkebe uliowekwa karibu na mkono wa kulia. Na mkebe huo usimwagwe katika kapu la takataka lililo wazi, kwa sababu paka hupekua makapu. Lastiki, tepe, lesi na kamba ya pamba ni ndugu za uzi, na sheria yao ni moja. Pini zilizoshikiza mfarishi ambao haujakamilika zihesabiwe pia, na mfarishi wenyewe ukunjwe na kufungiwa kabatini, usiachwe kitandani usiku kucha.

Yako na mambo mengine ya chumba hicho. Mwenye cherehani ya miguu atazame chini kabla ya kukanyaga, kwa kuwa mkia wa paka hupenda kulala karibu na mkanda na gurudumu. Mwenye cherehani ya umeme achomoe waya kila ainukapo, kwa kuwa uzito wa paka juu ya kikanyagio watosha kuiendesha sindano. Pasi, iwe ya makaa au ya umeme, isiachwe peke yake ikiwa moto. Paka hufuata joto na huruka mahali asipopaona. Lundo la vitambaa litikiswe kabla ya kukaliwa, na kabati litazamwe kabla ya kufungwa. Vidonge vya naftalini viwekwavyo katika nguo ili kufukuza nondo ni sumu kwa paka, na nyumba yenye paka afadhali ikose vidonge hivyo kuliko kukosa uangalifu.

Hata hivyo kukataza peke yake hakutoshi. Paka aliyenyimwa kila kitu hutafuta hiki na kile mpaka apate. Apewe kilicho chake: sanduku lenye kitambaa kizito kisicho na nyuzi zinazochomoza, likae mahali ambapo aweza kumwona mshonaji, na mpira wa kitambaa mkubwa usioweza kumezwa. Achezeshwe kitambo kabla ya magharibi, kisha alishwe, kwa kuwa mwindaji akishawinda na kula hulala. Robo saa iliyotumiwa hivyo humpa mshonaji saa mbili za utulivu.

Ikiwa pamoja na haya yote paka atapatikana na uzi mdomoni uliokwisha kuingia kooni, au unaotokeza nyuma, usivutwe. Asilazimishwe kutapika. Asipewe mafuta wala dawa ya kienyeji kwa matumaini kuwa uzi utateleza. Apelekwe kwa daktari wa wanyama siku ile ile, na mpelekaji aseme waziwazi kuwa nyumbani kuna kazi ya kushona. Daktari atatazama chini ya ulimi, atapiga picha ya eksirei ambayo huonyesha sindano lakini haionyeshi uzi wenyewe, na mara nyingi atalazimika kupasua. Asubiriye siku tatu kwa kutumaini roho ya paka hupunguza kila siku sehemu ya matumaini hayo. Ikumbukwe pia kuwa chumba cha kupasulia wanyama hakipatikani kila mji wa pwani wala kila kisiwa. Kwa wakazi wengi tiba ipo mbali na gharama yake ni kubwa, na kopo lenye kifuniko lipo karibu na halina gharama. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na katika jambo hili wapo wasiopata hata nafasi ya kujenga.

Ushonaji ni kazi ya subira, na watu husifu subira hiyo waonapo mishono iliyonyoka juu ya mfarishi. Sehemu moja ya subira haionekani juu ya nguo. Ni ile ya kuinama mwisho wa kazi, mgongo ukiuma na macho yakiwa yamechoka, kutafuta kipande cha uzi ambacho hakuna mteja atakayekiuliza. Mteja hatajua kuwa kimeokotwa. Paka naye hatajua, wala hatashukuru. Ataupita mkebe akiunusa, kisha atakwenda kuvizia panya kabatini. Lakini kazi ya mshonaji haijaisha fundo la mwisho lifungwapo. Imekwisha uzi wa mwisho ukishatoka sakafuni.