Stesheni ya Kamanyola

Burundi haijawahi kuwa na reli. Ndiyo maana kijana wa Bujumbura akimsikia mzee wa mtaa wa Buyenzi akiililia treni, hudhani anaisema ile ya Kigoma, Tanzania. Lakini ilikuwapo nyingine, karibu zaidi. Simama ufukweni asubuhi isiyo na ukungu, utazame milima ya Uvira, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Chini yake, tangu 1931 hadi 1958, Wabelgiji waliendesha reli ya kilomita 94 iliyotoka Uvira, ikafuata uwanda wa mto Ruzizi, ikakomea Kamanyola.

Kwa nini kijijini pale? Kwa sababu ndipo uwanda unapokwisha na mlima unapoanza. Nia ilikuwa kuunganisha Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu. Mlima ukaishinda treni. Basi mzigo wa Bukavu, ukingoni mwa Ziwa Kivu, uliteremka kwa lori hadi stesheni, ukashushwa, ukapakiwa kwenye mabehewa, ukafika ziwani ukashushwa tena. Walioneemeka ni wachukuzi, ikiwa kubeba magunia mara mbili ni neema. Lori lilipoweza kwenda moja kwa moja hadi ziwani, stesheni ilikuwa ya nini tena?

Huku kwetu tumezoea kusema kwamba kila kilichokuwa kizuri kilikufa mkoloni alipoondoka. Reli hii aliijenga mwenyewe, akaifunga mwenyewe, miaka miwili kabla ya uhuru wa Kongo. Miaka 27! Mtoto aliyezaliwa treni ya kwanza ikipita, ya mwisho ilimkuta labda ameoa juzi tu. Umri huo hautoshi kuachia watu kumbukumbu, na palipokosa kumbukumbu huingia mambo mengine. Jina la Kamanyola likawa la vita vya 1964, ambavyo Mobutu alijivunia hadi akaipa divisheni ya jeshi lake jina hilo. Septemba 2017 likawa la wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliopigwa risasi na wanajeshi. Februari 2025, vita vilipoteremka kutoka Bukavu, watu walikimbia kwa miguu katika uwanda uleule, vichwani godoro na sufuria, makumi ya maelfu wakavuka Ruzizi kuja kwetu, wengi wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo.

Sisemi treni ingewaokoa. Linaloniuma ni kwamba reli iliyojengwa kwa ajili ya mzigo iliondoka na mzigo, na wenyeji wa uwanda hawakuulizwa, si ilipokuja, si ilipokwenda.

Agosti 2025 Burundi na Tanzania zilizindua ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati, kwenye nikeli. Nami nimefurahi, kwa nini nisifurahi? Ila wanaochora ramani waulizwe leo, kabla chuma hakijalazwa: mama wa kijijini mwenye kikapu chake cha ndizi atapandia wapi?