Udi wa Marehemu Baba na Barua Niliyoitia Saini

Marehemu baba yangu aliniachia udi mkongwe, na kwa miaka minne udi huo ulinifedhehesha mbele ya wageni. Nilikuwa nikiulinganisha sauti jioni, na kabla kahawa haijapoa uzi mmoja ulikuwa umeshuka, na wa pili ukiufuata. Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikijadili bajeti na katiba. Leo naomba wanivumilie nizungumzie vigingi vya mbao, kwa sababu vimenifumbua macho kuhusu kosa nililolitenda ofisini.

Udi wanaoujua wapenzi wa taarabu kwa kawaida una nyuzi 11: jozi 5 na uzi mmoja mnene unaosimama peke yake. Kila uzi hufungwa kwenye kigingi cha mbao, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, nacho hushikwa na msuguano tu. Hakuna skrubu wala meno ya chuma. Mimi niliamini kwamba nyuzi ndizo mbovu. Nikazibadilisha mara tatu. Kila seti mpya iliimba vizuri kwa siku chache, kisha mambo yakarudi yaleyale, nami nikailaumu na kuitupa.

Mwaka jana niliupeleka Unguja, kwa fundi mmoja mzee wa Mji Mkongwe. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia, "Mzee, nyuzi zinanisumbua." Hakuzitazama. Aliniuliza udi unalala wapi. Nikamjibu kwamba mchana huwa nao ofisini penye kiyoyozi, na usiku huurudisha nyumbani, jirani na bahari. Akacheka.

"Basi mwanangu, kila siku unaukausha na kuulowesha, halafu lawama unazipa nyuzi!"

Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, na hewa ikikauka husinyaa. Tena haifanyi hivyo sawasawa kila upande. Kigingi kilichochongwa kikiwa duara huishia kuwa na umbo la yai. Mzee alilegeza uzi mmoja tu, akachomoa kigingi chake na kunionesha: upande mmoja uling'aa kwa kusuguana, upande wa pili haukuwa na alama yoyote. Kilikuwa kimeshikwa na ukuta mmoja badala ya kuta mbili. Akakisugua kwa msasa laini mpaka kikakaa sawa, akakipaka sabuni kavu ili kizunguke bila kukwama, na chaki ili kisiteleze. Kisha akatia unga wa penseli katika vijifereji vya juu ya shingo ambamo nyuzi hupita, kwani uzi unaokwama hapo haupandi taratibu, huruka ghafla. Chaki na penseli ni vitu nilivyovishika maisha yangu yote ya ualimu.

Akanionya pia nisikaze uzi wa mwisho nikadhani nimemaliza. Nyuzi zote huvuta uso mmoja mwembamba wa mbao. Ukikaza huu, uso hubonyea kidogo na ule wa kwanza hushuka, kwa hiyo ni lazima uzizungukie mara mbili, hata tatu.

Ndani ya boti ya kurudi Dar es Salaam nilimkumbuka karani wa mitihani wa idara niliyowahi kuiongoza. Matokeo yalichelewa kila muhula, na wanafunzi walilalamika kwa haki. Niliandika barua kusema kwamba karani yule ni mzembe, nikaitia saini, akahamishwa. Aliyemfuata alichelewa vilevile, naye nikampa onyo. Sikuwahi kulifuata faili lenyewe kutoka meza hadi meza. Safari hii nililifuata. Niligundua kwamba fomu moja ya alama ilihitaji saini za watu watano, na kwamba katika enzi zangu, kwa mujibu wa tarehe zilizogongwa juu yake, aliyekaa nayo muda mrefu kuliko wote nilikuwa mimi.

Sisemi kwamba hakuna wazembe. Nyuzi nazo huchakaa na kukatika, na mla rushwa hatibiwi kwa sabuni na chaki. Ninachosema ni kwamba kumwondoa mtu huonekana upesi na hupigiwa makofi, ilhali kuchomoa kigingi na kukikagua ni kazi ya kimya, na anayeifanya huenda akajikuta yeye ndiye mwenye kasoro. Ndugu wanaharakati mnaodai fulani aondoke, na ninyi watumishi wenzangu mnaoandaa barua kama yangu, nawaomba kwanza mlifuate faili.

Mwezi uliopita nilimwandikia karani yule kumwomba radhi, na nakala nikaipeleka kwa afisa utumishi iwekwe katika jalada lake, palepale ilipo barua yangu ya kwanza. Hajanijibu, wala sina haki ya kumdai jibu.

Udi sasa haundoki nyumbani. Juzi usiku uzi wa tatu ulishuka, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye droo ya nyuzi mpya. Nikaurudisha. Nikachomoa kigingi kwanza, nikakitazama.