Maji ya Bustani na Mbu wa Malaria

Katika nchi kame ya Dodoma, hakuna mkulima asiyejua thamani ya maji. Lakini maji yayo hayo, yakituama, humlea mbu.

Nilipokwenda Gulwe, wilayani Mpwapwa, nilimkuta mama mmoja bondeni mwa mto Kinyasungwe akimwagilia nyanya kwa mfereji. Nilimwuliza kama haogopi malaria. "Mwanangu," akanijibu, "mfereji huu ndio daftari na sare za wajukuu wangu. Nikiufukia, tutakula nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kando ya mfereji, maji yalituama juani ndani ya nyayo za ng'ombe. Mbu aenezaye malaria hupenda madimbwi ya namna hiyo. Penye joto, yai lake huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili.

Hata hivyo, umwagiliaji si adui. Utafiti wa karibu na Moshi, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kijiji cha mashamba ya mpunga kilikuwa na mbu wengi kuliko kijiji kisichomwagilia, lakini malaria ilikuwa pungufu. Mavuno huleta fedha, na fedha hununua chandarua na dawa.

Basi, ndugu msomaji, hata wewe mwenye bustani ya mchicha mjini, usifukie mfereji. Uache ukauke kila wiki, sawazisha mashimo, na mapato ya kwanza yanunue chandarua. Jembe lililochimba mfereji lisishindwe kufukia dimbwi.